Mfranjipani wa bi mkubwa na ule unga mweupe

Bi mkubwa wangu ana mfranjipani pale karibu na geti, wa maua meupe yenye njano katikati. Aliupanda mwenyewe kwa kijiti alichovunja kwa shoga yake Upanga mwaka niliomaliza la saba, na tangu hapo ukimwelekeza bodaboda kwetu huna haja ya kutaja namba ya nyumba, unamwambia tu kwenye ule mti wa maua meupe, anakuleta mpaka mlangoni. Kwaiyo mwaka juzi mti ulipoanza kuumwa haikua habari ya bustani, ilikua habari ya ukoo, nilipigiwa simu na watu wawili kabla hata sijafika kuuona.

Ilikua mwezi wa kwanza, lile joto la kaskazi la Dar ambalo hata usiku shuka linakua la moto. Nikakuta majani machanga yamejikunja kama karatasi iliyomwagiwa maji ikakauka, kwenye vikonyo kuna vitu vyeupe kama pamba iliyochambuliwa vibaya, na majani ya chini yote meusi tii, ukipitisha kidole kinatoka na masizi kama umeshika sufuria ya mkaa. Alafu yale maua yalikua yanadondoka kabla ya kufunguka. Gari ya mgeni iliyopaki chini yake usiku mmoja tu ikaamka kioo kinanata, mgeni akadhani watoto wamemwaga soda.

Bi mkubwa akaniambia, mwanangu, huu mti umepigwa jicho. Mi nikajibu kwa kujiamini kabisa, mama hiyo fangasi, nazijua. Nilikua sizijui.

Nikachukua ndoo ya lita kumi, nikatia sabuni ya unga ya kufulia, viganja viwili vizuri, nikakoroga mpaka povu likafurika, nikajaza kwenye bomba la kupulizia nililoazima, nikaupulizia mti mzima saa saba mchana. Saa saba mchana, mwezi wa kwanza, Dar. Siku ya tatu majani yalikua na kingo za kahawia kama yamepitishwa juu ya moto wa jiko, na ule unga mweupe uko pale pale unanitazama. Nilichofanya ni kuuchoma mti kwa magadi. Zile sabuni za unga zina vitu vikali vya kutolea uchafu kwenye nguo, sio vya kuwekwa kwenye jani, na ukiongezea jua la mchana maji yanakauka haraka yanaacha ule ukali wote juu ya jani. Bi mkubwa hakusema kitu, aliokota tu majani yaliyodondoka akayaweka kwenye ungo mbele ya mlango wa chumba changu. Ujumbe ulifika.

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja anauza maua barabarani, wale wanaopanga vikopo vyao kwenye hifadhi ya barabara. Nilienda kumuuliza bei ya mche mpya, maana nilishakata tamaa, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akacheka. "Anko hiyo sio fangasi, hao vidung'ata, wadudu wanaojipaka unga. Jirani yako ana mpapai?" Nikashangaa kajuaje. Jirani anao mpapai, umelalia ukuta wetu kabisa, na mapapai yake yalikua meupe kama yamepakwa ngano, na mimi nilikua nayaona kila siku nikitoka kazini nikisema moyoni masikini jirani, mpapai wake unakufa, bila kuunganisha hata nukta moja.

Akaniambia nikageuze majani niangalie chini, nisiangalie juu. Basi jioni nikageuza. Nikazumu kwa simu mpaka mwisho, na aisee, ile pamba ilikua inatembea. Vidudu vya njano vilivyojipaka unga, vya mviringo mrefu kama punje ya mtama iliyobanwa, vimejipanga kwenye mshipa wa katikati wa jani wote wameelekeza midomo kwenye mshipa kama ng'ombe kwenye birika. Vingine vidogo kama nukta ya kalamu vinakimbia. Na pembeni kuna vifuko vya nyuzi nyeupe, ndo mayai hayo. Jike mmoja wa hii aina, kidung'ata wa mpapai, anaweza kutaga mayai kati ya 100 na 600, na kwenye joto kama letu yanaanguliwa ndani ya siku kumi hivi. Fanya hesabu mwenyewe, mi niliifanya nikakosa hamu ya chai.

Kuna kijaribio kidogo nilikuja kukifanya baadae na nilikipenda sana. Vidung'ata wako wa aina nyingi, ila huyu wa mpapai ukimtumbukiza kwenye spiriti mwili wake wa njano unageuka unakua wa bluu iliyoiva, karibu na nyeusi. Nikaweka spiriti kidogo kwenye kifuniko cha chupa ya maji, nikamdondosha mmoja kwa kijiti cha meno, nikakiacha dirishani. Asubuhi kulikua na kitone cheusi kama mbegu ya ufuta. Watoto wa dada yangu walitaka tufanye tena na tena, ikabidi nifiche chupa.

Sasa sikilizeni kitu kilichonikalia kichwani. Franjipani sio mti wa kwetu, asili yake ni Mexico, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibiani, ulikuja huku zamani sana na mabaharia na wamisionari na wapenda bustani, ukazoea, ukapandwa makaburini na kwenye nyumba za pwani mpaka ukaonekana ni wetu. Uliishi huku raha mustarehe kwa sababu maadui zake wengi uliwaacha kwao. Na huyu kidung'ata wa mpapai asili yake ni kulekule Mexico na Amerika ya Kati! Wataalamu walimpa jina rasmi mwaka 1992, na kwenye miaka ya tisini akaanza kusambaa visiwa vya Karibiani, mwaka 2008 akaingia India akala mapapai ya watu vibaya sana, na huku Afrika Mashariki akafika kwenye hiyo miaka ya 2010. Yaani mti umetangulia, mdai wake kaja kuufata baada ya karne kadhaa. Na hashambulii mpapai na mfranjipani tu, anakula mhogo, mpera, biringanya, mwembe, haibiskasi, yaani ukuta mzima wa nyumba yetu ulikua ni menyu.

Turudi kwenye mti. Kijana wa maua aliniuliza swali la pili, kuna sisimizi? Wapo, wengi, wanapanda shina kwa mstari kama foleni ya mwendokasi saa kumi na mbili jioni. Nilikua nadhani wanakula wale wadudu, nikawa hata nawashukuru. Kumbe wao ndo wachungaji. Kidung'ata anafyonza maji ya mti yenye sukari nyingi kuliko anayoihitaji, ile ya ziada anaitoa nyuma kama asali nyepesi, sisimizi anakuja kuilamba, na kwa malipo anamfukuza kila anayekuja kumla kidung'ata, na nasikia hata anawabeba watoto wao kuwahamishia tawi jipya. Ile asali inayobaki inadondokea majani ya chini (na gari za wageni) na juu yake ndo inaota ile fangasi nyeusi, masizi. Kwaiyo fangasi ilikuwepo kweli, sikua mjinga kwa asilimia mia, ila ilikua imekuja kulamba mabaki tu. Masizi yenyewe hayaingii ndani ya jani, yanaliziba lisipate jua, ukiwaondoa wafyonzaji yanakauka yanabanduka, au unafuta kwa kitambaa cha maji kama una subira, mi sina.

Nikaanza na sisimizi basi. Nikazungushia shina nailoni pana kiasi cha kiganja, juu yake nikapaka grisi niliyoomba gereji. Juu ya nailoni, sio kwenye gome, maana grisi kwenye gome la franjipani sio kitu kizuri. Siku mbili mstari ukakatika, nikatamba. Siku ya nne sisimizi wamerudi juu, wengi vilevile. Nikakagua grisi, iko safi, hamna aliyevuka. Nikazunguka huo mti kama askari mgambo mpaka nikawaona: wanapita kwenye kamba ya kuanikia nguo. Bi mkubwa amefunga kamba kutoka dirisha la jikoni mpaka kwenye tawi, wanatembea juu ya kanga zake kwa utulivu kabisa kama wanavuka daraja la Kigamboni. Kuhamisha ile kamba kulinigharimu mazungumzo ya wiki nzima, lakini ilihama. Na tawi lililokua linagusa mpapai wa jirani nikalikata.

Kukata kuna adabu yake kwenye huu mti. Utomvu wake ni mweupe kama maziwa na unawasha, ukiingia jichoni utajuta kuzaliwa, vaa glavu na usijipanguse jasho kwa mkono huohuo (nawaambia kwa sababu). Na yale matawi yaliyojaa wadudu usiyatupe nyuma ya uzio wala kwenye shimo la mboji, ile ni kuwahamisha tu, yatie kwenye mfuko mweusi ufunge uanike juani au uyachome. Mi nilikata ncha kama nane hivi, zile zilizojikunja kabisa.

Alafu maji. Watu wanadharau maji. Mpira wa kumwagilia wenye presha, unaupiga kwa chini ya majani asubuhi, unaona pamba inaruka. Ukimwaga maji taratibu hayafanyi kitu, yanateleza juu yao kama juu ya jani la gimbi kwa sababu ya ule unga wa nta, lakini kwa presha wanabanduka na wengi hawarudi tena. Ndo maana masika ikikolea hawa wadudu wanapungua wenyewe, na kiangazi wanasherehekea.

Baada ya maji ndo sabuni, safari hii ya kistaarabu. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na mbwembwe, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji, unapulizia jioni jua likishazama, chini ya majani na kwenye vikonyo mpaka inachuruzika. Kwanza jaribu kwenye majani mawili matatu usubiri siku mbili, ningefanya hivo mwanzo nisingeokotewa majani kwenye ungo. Sabuni inamuua mdudu iliyemgusa ikiwa bado mbichi, ikishakauka kazi imekwisha, na mayai yaliyo ndani ya pamba haiyapati, ndo maana lazima urudie kila baada ya siku tano mpaka saba, mara tatu au nne, uwakamate waliototolewa jana. Watu wengi wanapulizia mara moja, wanaona afadhali, wanaacha, wiki ya tatu wanarudi mtandaoni kusema sabuni uongo. Mara ya tatu mi niliweka na mafuta ya mwarobaini, kijiko kimoja cha chai kwa lita na matone ya sabuni ili yachanganyike, yananuka kama kitunguu kilichosahaulika ila yanasaidia. Na kwa zile pembe ambazo bomba halifiki nilitumia pamba za masikioni na spiriti, mmoja mmoja, usiku, na tochi ya simu mdomoni.

Hapo kwenye spiriti ndo nilifanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma kuliko lile la sabuni ya unga. Kulikua na vidung'ata wengine wakubwa zaidi, manyoya marefu meupe ubavuni, na wana mbio, wenzao wametulia wao wanazunguka zunguka. Nikasema hawa ndo mama zao. Nikawaua wote niliowaona, kumi na kitu. Siku nyingine namwonyesha yule kijana wa maua video, akaguna tu, "Anko, umeua polisi." Kumbe ni watoto wa wale vidudu vya mviringo, mgongo kama nusu ya kunde, wenye rangi nyekundu au nyeusi na madoa, ambao watoto wanapenda kuwatembeza kwenye kidole. Baadhi ya aina zao, wakiwa wadogo wanavaa nta nyeupe kama vidung'ata ili waingie kati yao wawale bila kushtukiwa na sisimizi. Wamejificha vizuri mpaka mwenye mti nikawaua. Namna ya kuwatofautisha ni rahisi sana ukishajua: mguse kwa kijiti, akikimbia mwache, akijivuta kivivu au akitulia ndo huyo. Na kidung'ata ukimminya ana maji ya njano na chini yake ameng'ang'ania jani, yule mwingine hajang'ang'ania chochote, anawinda.

Sasa sio kila cheupe ni kidung'ata, hapa ntapita haraka. Ukikuta chini ya jani kuna michoro ya nta iliyozunguka kama alama ya dole gumba na ukitikisa tawi vinaruka vidudu vyeupe kama majivu, hao ni nzi weupe wa aina ya mzunguko, nao wametokea Karibiani, wanapenda sana mpera pia, dawa ni ileile ya maji na sabuni. Vikofia vigumu vya kahawia vilivyogandia kwenye shina kama vimechomelewa ni wadudu gamba, hao sabuni haiwaingii vizuri mpaka uwasugue na mswaki wa zamani. Jani likiwa na vidoti vidoti vya kupauka kwa juu kama limemwagiwa mchanga, na chini kuna utando mwembamba kama wa buibui, ni utitiri, hao ni wa joto na vumbi, na dawa ya wadudu ya kawaida wakati mwingine inawaongeza kwa sababu inaua wanaowala. Utitiri unaenda kwa maji ya presha na salfa, ileile wanayopulizia mikorosho kule Mtwara. Ila salfa na mafuta ya mwarobaini usizikutanishe, acha wiki mbili katikati, zikikutana zinaunguza majani na mi kwenye kuunguza majani nimeshatoa mchango wangu.

Dada yangu anaishi Durban, yeye alinitumia picha ya mfranjipani wake akisema na yeye ana vidung'ata. Nikaangalia, juu ya jani madoa ya njano, chini unga wa rangi ya chungwa kama manjano ya pilau iliyomwagika. Ile sasa ndo fangasi ya kweli, kutu ya franjipani, haina miguu, ukipangusa inabaki kwenye kidole. Hiyo sabuni haiisaidii, unaokota majani yote yaliyodondoka unayachoma, unapunguza matawi upepo upite, unaacha kumwagilia juu ya majani. Nikamwambia dada hiyo yako ndo niliyodhani ninayo mimi, akajibu basi tubadilishane.

Na kuna wanaonipigia simu mwezi wa saba, mti wangu umedondosha majani yote, nipulizie nini? Usipulizie kitu. Huo ni msimu wake wa kulala, kipupwe kikija ukakosa mvua unavua majani unabaki kama mikono ya watu inayoomba, vuli ikianza unavaa upya. Kuumwagilia sana ukiwa umelala ndo kunakouozesha. Minya ncha ya tawi, ikiwa ngumu mti mzima, ikiwa laini kama ndizi iliyoiva sana hapo kuna uozo, kata mpaka ufike kwenye nyama nyeupe safi.

Sumu za duka la pembejeo sijasema, najua mtauliza. Zipo za kumwaga kwenye udongo zinazopanda mpaka kwenye jani, mfano zenye imidaklopridi, zinafanya kazi kweli, sitawadanganya. Lakini zinaua nyuki vilevile, na mti wetu uko mita mbili kutoka kwenye mpapai wa watu na futi tano kutoka kwenye tembele za bi mkubwa, zile tunakula. Kwa mti mmoja wa getini sioni sababu. Mwenye shamba la mapapai ana hesabu zake.

Sasa hivi mti uko vizuri, haujaisha wadudu, sidhani kama utaisha, ila maua yanafunguka. Mwezi uliopita niliona kitu kipya. Kwenye tawi moja la upande wa ukutani vidung'ata wengine wamevimba, wamekua wa kahawia na wagumu kama vibumba vya ugali vilivyokaukia sufuriani, na kila kimoja kina kitundu cha mviringo mgongoni kama kimetobolewa na sindano. Huyo ni nyigu, mdogo kuliko hata sisimizi, anataga yai ndani ya kidung'ata, mtoto anamla kutokea ndani, akikua anatoboa anatoka. India ndo walichofanya mwaka 2010, walileta nyigu wa aina hiyo kutoka Puerto Rico wakawaachia, mapapai yakapona. Na sisi Afrika tulishawahi kuokolewa hivohivo kwenye mihogo, miaka ya themanini, kidung'ata wa muhogo alitoka Amerika ya Kusini akala bara zima, wakaenda kumtafuta nyigu wake kulekule Paraguay wakamwachia kuanzia Nigeria mwaka 1981, na yule mtafiti Hans Herren akapewa tuzo ya chakula ya dunia mwaka 1995. Wa kwangu jina lake sitalitaja maana mwenyewe sijamwona, nimeona tundu tu alilotokea.

Kwaiyo lile tawi nimeacha kulipulizia. Lina pamba kiasi na masizi kidogo, halipendezi, na liko upande wa barabara. Juzi jirani wa mpapai kachungulia ukutani akaniuliza, "Vipi jirani, dawa imekuishia?" Nikamwambia nina wageni kule juu nawalea. Akaangalia tawi, akaniangalia mimi, akamwita bi mkubwa amuulize kama niko sawa.